Namba 1026

Ukituma kazi yako kwenye shindano lolote hapa Nairobi, swali la kwanza utakaloulizwa na marafiki ni hili: unajua nani pale ndani? Ndiyo maana kisa cha namba 1026 kinafaa kusimuliwa.

Mwaka 1980, wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam, wakiongozwa na Jan Scruggs, walitangaza shindano la kubuni mnara wa kumbukumbu jijini Washington. Raia yeyote aliyetimiza miaka 18 aliruhusiwa kushiriki. Ada ilikuwa dola 20. Masharti nayo: uweke majina ya wote waliokufa au kupotea, kazi ipatane na mazingira, na usiingize siasa. Kila mchoro ulipewa namba tu. Jina la mbunifu lilikaa kwenye bahasha iliyofungwa.

Maya Lin alikuwa na miaka 21, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, binti wa wahamiaji kutoka China. Wazo lake lilikuwa kazi ya darasani, na mwalimu alikuwa amempa B. Michoro yake haikuwa na mbwembwe. Kuandika maelezo ndiko kulikomchukua muda mrefu kuliko hata kubuni. Alichopendekeza ni kuta mbili za mawe meusi yanayong'aa, zilizozama ardhini na kukutana kwenye pembe. Majina yangefuatana kwa tarehe za vifo, si kwa alfabeti wala cheo. Ukisoma jina la ndugu yako, unaona uso wako mwenyewe kwenye jiwe.

Kazi 1,421 zilipangwa ndani ya banda la ndege, waamuzi wanane wakazipitia. Mei 1981 wakatangaza mshindi: namba 1026. Bahasha ikafunguliwa, na kumbe ni msichana wa chuo!

Hapo ndipo kelele zilianza. Wengine walisema ukuta mweusi ni kovu la aibu. Wengine tatizo lao lilikuwa asili yake ya Kiasia. Waziri James Watt alikataa kutoa kibali mpaka sanamu ya wanajeshi watatu na bendera vikubaliwe kuongezwa. Lakini ukuta wenyewe ulisimama, ukazinduliwa Novemba 1982. Sanamu ilifuata mwaka 1984.

Tusidanganyane, bahasha haikumpa Maya Lin kipaji. Ilimpa kitu kimoja tu: kazi yake iangaliwe kabla ya yeye mwenyewe kuangaliwa. Na ulinzi huo uliisha siku ile ile ilipofunguliwa. Basi wanaoandaa mashindano ya usanifu huku kwetu, wakisema hawana bajeti ya kufanya mambo kwa haki, tuwakumbushe bei ya bahasha.