Riwaya ya Ufichuzi na Gunia la Mahindi: Kutoka Chicago hadi Manyara

Mwishoni mwa Februari 1906, riwaya ya Upton Sinclair iitwayo The Jungle ilitoka ikiwa kitabu. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alitia saini sheria mbili: moja ya ukaguzi wa nyama, nyingine ya usafi wa chakula na dawa. Ilikuwa miezi minne tu. Ni nadra hadithi ya kubuni kuisukuma dola kwa kasi hiyo, na wahakiki wengi huishia hapo wanapotaka kuthibitisha nguvu ya fasihi.

Wakiendelea kidogo wangekuta jambo lisilofurahisha. Sinclair hakuandika kwa ajili ya nyama. Mwishoni mwa 1904 alikaa wiki saba katika mtaa wa machinjio Chicago, akiwezeshwa na gazeti la kisoshalisti la Appeal to Reason, ambalo lilianza kuichapa hadithi yake kwa mfululizo mwaka 1905. Alichokwenda kukitafuta ni maisha ya watu kama Jurgis Rudkus, mhusika wake mkuu, mhamiaji kutoka Lithuania anayeingia kiwandani na nguvu zake zote na kutoka bila mke, bila mtoto, bila nyumba. Kurasa za nyama mbovu ni chache mno kitabuni. Hizo chache ndizo zilizowashtua wasomaji, kwa sababu soseji ile ilikuwa mezani kwao, ilhali Jurgis hakuwa jirani yao. Roosevelt aliwatuma Charles Neill na James Reynolds kwenda kuhakiki, ripoti yao ikathibitisha uchafu, na sheria zikapita. Je, mfanyakazi? Sheria ya taifa iliyoweka kima cha chini cha mshahara na kikomo cha saa za kazi ilisubiri hadi 1938. Mlaji alipata haki yake kwa miezi minne, mfanyakazi kwa miaka 32.

Nadai kwamba riwaya ya ufichuzi hufanya kazi pale jeraha la anayezalisha na mlo wa anayesoma vinapowekwa mbele ya macho kwa pamoja, na pale anayelaumiwa bado yuko, ana mali na ana jina la kulinda. Tukiipima fasihi yetu ya Kiswahili kwa kipimo hiki, tutaona kwamba imeliandika jasho kwa ustadi mkubwa, lakini kwa kuchelewa. Na chakula imekiacha karibu chote.

Chukua Kuli ya Adam Shafi. Tangu riwaya ya Kiswahili ianze kuandikwa, ni vitabu vichache vilivyoijua kazi ya mikono kwa undani wa namna hiyo. Bandari ya Unguja inamla baba, kisha inamwita mwana, Rashidi, kubeba mizigo ileile. Na kutoka katika uchovu huo unazaliwa umoja unaoishia kwenye mgomo mkuu wa 1948. Mgomo huo ulikuwa wa kweli, na ulifuata migomo ya Mombasa na ya makuli wa Dar es Salaam ya mwaka 1947. Lakini Kuli ilichapishwa 1979. Mkoloni alikwisha ondoka, mapinduzi ya 1964 yalikwisha fanyika, na mwajiri aliyeshtakiwa humo hakuwepo tena kujibu. Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotangulia mwaka mmoja, nayo inamfichua mwenye shamba ambaye mapinduzi yalikwisha mpokonya shamba. Zote mbili zilitolewa na Tanzania Publishing House, shirika la umma. Dola haikuwa na sababu ya kuziogopa.

Nitaambiwa kwamba kazi ya riwaya si kutunga sheria, na kwamba kumbukumbu ya tabaka ni silaha vilevile. Nakubali. Ila kumbukumbu na ufichuzi ni kazi mbili, na tumezoea kuisifu ya kwanza kana kwamba imeifanya ya pili.

Tofauti ya kazi hizo mbili ilionekana wazi kwa jirani zetu Kenya. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, inayojulikana kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda. Humo tajiri mzawa na washirika wake wa kigeni wanakitaka kipande cha ardhi cha mkulima ili wajenge kiwanda cha dawa ya wadudu. Hilo halikuwa la kale, na watazamaji walijitambua jukwaani. Novemba mwaka huo kibali cha maonyesho kilifutwa; Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Ukitaka kujua kama kazi ya sanaa imefichua au imekumbuka tu, tazama nani amekasirika.

Ajabu ni kwamba nasi tulikuwa na Chicago yetu. Tanganyika Packers ya Kawe, Dar es Salaam, ilianzishwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ubia wa serikali ya kikoloni na kampuni ya Liebig, ikasindika nyama ya kopo ya ng'ombe wa bara kwa soko la Uingereza. Mnadani mfugaji, machinjioni mchinjaji, mezani mlaji wa ng'ambo: mnyororo mzima wa riwaya ulikuwa pale. Katika riwaya za Kiswahili zinazosomeshwa shuleni na vyuoni sijui hata moja iliyoingia kiwandani humo. Leo jina limebaki la uwanja wa mikutano ya injili. Kazi ya kumulika nyama imechukuliwa na wanahabari, kama Dennis Okari wa NTV Kenya alipoonyesha mwaka 2019 kemikali zinazotumiwa kuifanya nyama ya supamaketi ionekane mbichi.

Sasa nije kwetu Manyara. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 20 kati ya 68 waliougua, katika Chemba na Kondoa mkoani Dodoma na Kiteto mkoani kwetu. Kondoa inapakana na Babati. Mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu, kuvu hutoa sumu, sumu huharibu ini. Jicho haliioni na moto wa jikoni hauimalizi. Nchini Kenya, mwaka 2004, sumu hiyo iliua watu 125.

Hapa ndipo kielelezo cha Sinclair kinapogoma. Alikuwa na makampuni makubwa ya kushtaki. Mengi ya mahindi haya yalitoka katika ghala la familia yenyewe. Mwandishi mvivu angemlaumu mama aliyepika ugali. Mwandishi makini angelifuata gunia. Angeanzia shambani, angepita Mutuka, Babati, angemwona mkulima anayeuza mapema kwa sababu ada ya shule haisubiri jua. Angelikuta gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kipande cha gunia jingine juu, ingawa sheria ya vipimo inakataza kufungasha mazao kupita kilo 100. Katika lumbesa mkulima anaibiwa debe na kibarua anavunjwa mgongo kwa tendo lilelile, na wote wawili hulipwa kwa gunia, si kwa uzito. Kisha angelifuata hadi mashineni, hadi kwenye sahani ya msomaji wa mjini anayekula sembe nyeupe na kudhani weupe ni usalama. Tangu 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Mhusika wa kuulizwa yupo, ana ofisi na ana anwani.

Mtunzi wa riwaya hiyo hahitaji kwenda Chicago wala kurudi 1948. Wahariri wa majarida na wachapishaji wetu, ambao kila mwaka hupokea miswada ya mapenzi na ya siasa, wamlipe kijana mmoja nauli na posho ya wiki saba, kama Appeal to Reason ilivyofanya, akae na wapakiaji wa magunia Babati, Kiteto na soko la nafaka la Kibaigwa, kisha waichape kazi yake wakati wenye lumbesa wangali wanapakia.