Baiskeli Kuukuu na Mashindano ya Milimani

Leo tutazungumza habari za mashindano ya baiskeli za milimani. Nawaombeni nyote, hata ninyi mlio mbali, mjifikirie kwamba mmesimama Chekereni, chini ya mji wa Moshi, juu ya tuta la mfereji wa mashamba ya mpunga.

Hapo mahali ni tambarare. Mifereji ile ilijengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, na matuta yake yamekuwa njia za baiskeli. Huyu apita na gunia la mpunga, yule na madumu ya maji, mwingine amempakia mkewe na mtoto. Lakini inua macho upande wa kaskazini, nawe utauona Mlima Kilimanjaro, mita 5,895. Basi, swali letu ni hili: je, baiskeli hiyo iliyopakia gunia ina undugu wowote na zile za mashindano ya milimani, ambazo bei ya moja yaweza kununua ng'ombe kadha wa kadha? Wengi husema hapana, ule ni mchezo wa wageni wenye fedha. Historia yasema vingine.

Twendeni kwanza Marekani, katika jimbo la California. Karibu na mji wa San Francisco kuna mlima uitwao Tamalpais. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walikuwa wakitafuta baiskeli kuukuu, zilizoundwa katika miaka ya 1930 na 1940, ambazo watu wengine waliziona kuwa ni vyuma chakavu. Zilikuwa nzito, zenye matairi manene, tena hazina gia. Nyingi zilikuwa na breki moja tu, ya nyuma, inayoshika ukirudisha pedeli kinyumenyume. Ukipata kuiendesha baiskeli ya namna hiyo katika mteremko, utaelewa kwa nini vijana wale walianguka mara nyingi.

Tarehe 21 Oktoba 1976 walikutana juu ya njia moja ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, wakashindana kuteremka, mmoja mmoja, huku wakipimwa kwa saa. Njia ilikuwa na urefu wa kilometa 3 na kitu, na katika urefu huo iliteremka mita 400 hivi. Habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu, ilipata moto kwa kufunga breki hata grisi yake ikaungua na kutoka moshi. Aliyefika chini ilimpasa aifungue habu na kujaza grisi upya kabla ya kushindana tena. Kwa sababu hiyo njia ile ikaitwa Repack, maana yake kujaza tena. Angalieni basi: jina mashuhuri kupita yote katika mchezo huu limetoka katika kazi ya fundi mwenye mikono michafu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka wa 1977 Joe Breeze aliunda fremu mpya kwa ajili ya njia zile, na mwaka wa 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanza biashara ya kuuza baiskeli hizo. Mashindano rasmi ya ubingwa wa dunia yalifanyika kwanza Durango, katika jimbo la Colorado, mwaka 1990. Mwaka 1996 mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta: Bart Brentjens wa Uholanzi alishinda kwa wanaume, na Paola Pezzo wa Italia kwa wanawake. Katika mashindano hayo hawakuteremka tu. Waliondoka pamoja, wakazunguka njia ile ile ya mawe, miti na vilima mara nyingi. Na ilikuwa kanuni katika miaka hiyo kwamba mtu asisaidiwe kutengeneza baiskeli yake. Ukipata pancha, uizibe mwenyewe. Mimi naona kanuni ile ilikuwa nzuri sana, na ni hasara kwamba baadaye ililegezwa.

Na huku kwetu? Katikati ya miaka ya 1980 Waingereza wawili, Richard na Nicholas Crane, watoto wa ndugu wawili, walifika na baiskeli zao kileleni Kilimanjaro ili kulichangia fedha shirika la Intermediate Technology. Mahali pengi walizibeba begani. Katika miaka ya 2000 palikuwa na mashindano ya kuuzunguka mlima, kilometa 246 kwa siku mbili.

Lakini mfano ulio bora zaidi u Kenya. Huko Kikuyu, karibu na Nairobi, David Kinjah aliwakusanya vijana nyumbani kwake, akawafundisha kuendesha na kutengeneza baiskeli. Mmoja wao alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, ambaye alianza na baiskeli ya milimani katika njia za vumbi za huko. Froome alishinda Tour de France mara 4, mara ya kwanza mwaka 2013. Wenzake wengi wa Kikuyu hawakupata nafasi kama yake.

Sasa rudini Chekereni, mita 700 hivi juu ya bahari. Ukienda mpaka lango la Marangu utapanda zaidi ya mita 1,100. Baiskeli ya kazi yenye meno 44 mbele na 20 nyuma husogea karibu mita 5 kila pedeli ikizunguka mara moja. Ile ya mashindano, yenye 32 mbele na 50 nyuma, husogea mita 1 na nusu tu. Ndiyo maana huyu hushuka na kusukuma, na yule huendelea kupanda, hata kama miguu yao ina nguvu sawa.

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kilete baiskeli moja. Hesabuni meno ya mbele na ya nyuma, pimeni kwa kamba mzunguko wa gurudumu, kisha mtuandikie: baiskeli yenu husogea mita ngapi, na ni kilima gani karibu nanyi kinachowashusha?