Hakimu Hupatikanaje? Historia Kutoka Mohoro Hata Kibiti

Kama mko kikundini, mwenyekiti na ahakikishe kwamba kila mmoja aiona ramani ya Mkoa wa Pwani, na katibu awe na kalamu tayari. Tazameni upande wa kusini, mahali mto Rufiji unapogawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, mkabala na kisiwa cha Mafia. Hiyo ndiyo Delta. Huko kuna mikoko mingi kuliko mahali pengine popote katika Afrika ya Mashariki. Bara kidogo, kwenye barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, mtauona mji wa Kibiti.

Swali letu la leo ni hili. Kijana wa Kibiti au wa Mbwera amesoma sheria, naye ataka kuwa hakimu. Anaambiwa kwamba lazima ashindane na wenzake katika mtihani. Je, kwa nini afanye mtihani? Na ajitayarishe vipi? Ili tujibu vizuri, yafaa kwanza tujue mahakimu walipatikanaje zamani.

Tuanze na zamani za Wadachi. Siku zile makao ya wilaya hayakuwa Utete wala Kibiti, yalikuwa Mohoro, kusini ya mto. Serikali iliweka maakida na majumbe. Akida alikusanya kodi, alisimamia kazi za lazima, na yeye huyo huyo alisikiliza mashauri madogo ya watu. Mara nyingi hakuwa mwenyeji wa mahali pale. Alitakiwa kujua kusoma na kuandika Kiswahili, na shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga katika miaka ya 1890 ilifundisha watu wa kazi za namna hiyo. Lakini angalia, msikilizaji: kusoma barua ya kodi ni jambo moja, na kupima haki ya mtu ni jambo jingine.

Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikamatwa, akanyongwa Mohoro mwezi wa Agosti. Wajua habari za Vita vya Maji Maji, kwa hiyo sitazirudia. Nataka ushike neno moja tu: aliyekamata, aliyeshtaki na aliyehukumu wote walikuwa mkono mmoja, mkono wa serikali. Mtu akihukumiwa na yule anayemdai, apeleke wapi malalamiko yake?

Sasa tuvuke bahari kidogo. Mwaka huo huo wa 1905, China ilifuta mtihani wake mkuu wa maofisa, uliokuwa umedumu zaidi ya miaka 1,200. Kwa mtihani ule mtoto wa mkulima aliweza kushindana na mtoto wa tajiri, na aliyefaulu aliweza kupewa wilaya aitawale na kuamua kesi zake. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mtihani uliuliza zaidi vitabu vya hekima ya kale kuliko sheria. Basi ofisa alipofika kwenye kiti cha hukumu, mara nyingi ilimbidi aajiri mtu mwingine ajuaye sheria amshauri. Historia hii yatufundisha mambo mawili. Mtihani huzuia upendeleo. Lakini mtihani usiouliza kazi yenyewe hautoi mtu wa kazi hiyo.

Turudi nyumbani. Waingereza walipotawala Tanganyika walitumia watawala wa kienyeji, yaani machifu, na huku pwani maliwali. Kwa sheria ya mwaka 1929 mabaraza yao ya hukumu yaliwekwa chini ya maofisa wa utawala. Mtu asiyeridhika na hukumu alikata rufani kwa Bwana Shauri, na kutoka hapo kwa wakubwa wake, wala si kwa jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1951 ilitungwa sheria nyingine ya mahakama za wenyeji. Hata hivyo mtawala na mwamuzi bado walikaa karibu mno, mara nyingi katika kanzu moja.

Tulipopata uhuru mwaka 1961, Waafrika waliosomea sheria nchini waliweza kuhesabika kwa vidole. Ndiyo sababu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa Oktoba mwaka huo kwa kufundisha sheria kwanza, kikiwa na wanafunzi 14 tu, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, ikaanza kutumika mwaka 1964. Hapo mahakama za wenyeji zilikoma. Nchi ikapata ngazi moja kwa watu wote: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Hakimu akawa mtumishi wa Mahakama, na kukusanya kodi si kazi yake tena. Mwaka 1971 Augustine Saidi akawa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika katika Tanzania.

Hapa yafaa tutenganishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya: hakimu na jaji. Jaji wa Mahakama Kuu hapatikani kwa mtihani wa karatasi. Katiba ya mwaka 1977 yasema kwamba Rais humteua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na kwa kawaida mtu huyo awe na sifa zinazotakiwa kwa muda usiopungua miaka 10. Hakimu ndiye anayepita katika usaili wa kushindana, wa kuandika na wa kuhojiwa. Wenzetu wana njia zao. Ufaransa ina chuo cha mahakimu Bordeaux, na watu huingia humo kwa mtihani wa mashindano. Kenya mwaka 2011 iliwahoji hadharani waliotaka kuwa Jaji Mkuu, nchi nzima ikitazama.

Basi kijana wetu ajitayarishe vipi? Andikeni haya.

Kwanza, aisome Katiba, hasa ibara ya 107A. Humo zimo kanuni za kutoa haki: kutenda haki bila kujali hali ya mtu, kutochelewesha haki bila sababu, kutoa fidia ipasayo, kukuza usuluhishi, na kutofungwa mno na mambo ya kiufundi. Asizikariri kama kasuku. Kila kanuni aitafutie mfano wa kijijini kwake.

Pili, azijue sheria za kazi ya kila siku: Kanuni ya Adhabu, Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliyochukua mahali pa ile ya 1963.

Tatu, ajue mipaka ya mamlaka. Hapa wengi hujikwaa. Chukua mfano wa Delta. Mzee amefariki, ameacha minazi na mikorosho, na watoto wanagombana. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu yaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Lakini majirani wakigombea mpaka wa shamba la mpunga, sheria ya mwaka 2002 yawapeleka kwenye mabaraza ya ardhi. Na mtu akikamatwa na magogo ya mikoko bila kibali, hilo ni shauri la jinai, maana mikoko ni hifadhi ya Serikali. Mashauri matatu, njia tatu. Hakimu asiyejua njia atampotezea mwananchi nauli ya mashua kutoka Delta hata Nyamisati, na nauli ya gari kutoka Nyamisati hata Kibiti, kisha amwambie arudi.

Nne, ajue historia ya watu atakaowahukumu. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, wakazi wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa sehemu za juu, lakini mashamba yao yalibaki bondeni. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 maji yalifurika tena Rufiji na Kibiti, yakafunika nyumba na mazao. Maji yakipungua, alama za mpaka huwa zimekwenda nayo. Mlalamikaji hana hati. Ana mwembe uliopandwa na babu yake, na mashahidi wawili wazee. Sheria ya Ushahidi yamfundisha hakimu kupima maneno ya mashahidi. Historia yamfundisha kwa nini hati haipo.

Tano, aitengeneze lugha yake. Kwa miaka mingi sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, ingawa Mahakama ya Mwanzo ilisema Kiswahili. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi afanye mazoezi ya kuandika hukumu fupi kwa Kiswahili safi: nini kilidaiwa, nini kilithibitishwa, sheria yasemaje, na amri ni ipi. Kisha amsomee mtu asiyesoma sheria. Mtu huyo asipoelewa kwa nini ameshindwa, hukumu haijakamilika.

Ndugu msikilizaji, mtihani hauwezi kupima kila kitu. Haupimi kama mtu atakataa bahasha mlangoni, wala kama atamsikiliza mjane mpaka mwisho. Lakini hufanya jambo ambalo Mohoro ya mwaka 1905 haikulijua: humwambia anayetaka kuhukumu wengine kwamba yeye naye lazima apimwe kwanza, mbele ya watu wasiomdai chochote.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Akida alikuwa na kazi zipi pamoja na kuhukumu? Kwa nini kuzichanganya kulileta madhara?

2. Eleza tofauti ya hakimu na jaji, na namna kila mmoja anavyopatikana.

3. Mtihani wa China ulikuwa na faida gani, na upungufu gani?

4. Tajeni magomvi matatu yatokeayo kijijini kwenu. Kila moja lianzie wapi?

Katibu aandike majibu ya kikundi katika daftari.