Parker 51: Kalamu ya babu inayosakwa hadi leo

Umekuta kalamu ya kizamani yenye kifuniko cha chuma kwenye droo ya babu? Usiikimbize sokoni, na usiitumbukize kwenye maji ya moto. Huenda ni Parker 51, kalamu ya wino wa kujaza ambayo wakusanyaji bado wanaisaka, zaidi ya miaka 80 tangu iingie madukani.

Iliingia soko la Marekani mwaka 1941 kwa dola 12.50, hela ndefu enzi hizo. Jina lake ni hesabu tu: ilikamilika 1939, miaka 51 baada ya George Safford Parker kuanzisha kampuni yake mjini Janesville, Wisconsin. Na namba haihitaji kutafsiriwa nchi yoyote.

Wino ndio uliotangulia

Parker walikuwa wametengeneza wino unaokauka haraka, hivyo mwandishi hakuhitaji karatasi ya kukaushia. Tatizo, wino huo ulikuwa mkali, ulikula plastiki na mpira wa kalamu za kawaida. Tena ungeweza kukauka kwenye nibu kabla hujaandika hata neno.

Suluhisho likawa kuunda kalamu kwa ajili ya wino. Mwili ukawa wa akriliki, plastiki ngumu iliyoustahimili. Nibu nayo ikafichwa ndani ya ganda, ikabaki ncha tu inachungulia. Umbo lile lilikuwa geni kabisa, na hadi leo halijachuja.

Vita vya Pili vya Dunia vikafanya kalamu ziadimike, maana viwanda vilikuwa na kazi za jeshi. Watu wakazidi kuitamani.

Utaitambuaje?

Kifuniko cha ile ya zamani huchomekwa tu, hakizungushwi. Toleo jipya lililorudishwa miaka ya karibuni kifuniko chake huzungushwa, kwa hiyo mtu asikuuzie mpya kwa bei ya historia.

Fungua kitako. Ukiona kitufe cha kubonyeza, kwa kawaida hiyo ni ya kabla ya 1948, na mpira wake wa ndani mara nyingi umeshaoza, unahitaji fundi. Kama mwili mzima unafunguka na ndani kuna ala ya chuma ya kuminya, ni ya 1948 au baadaye. Hizi ni ngumu kufa. Nyingi zinaandika bado, na kifuko chake cha plastiki ni kilekile cha kiwandani.

Kuhusu bei, tuwe wakweli: zilitengenezwa kwa mamilioni hadi miaka ya 1970, si adimu. Nyeusi yenye kifuniko cha chuma cha kawaida haitakujengea nyumba. Vifuniko vya dhahabu na rangi zisizoonekana mara kwa mara ndizo zenye ushindani. Jina lililochongwa kwenye mwili wafanyabiashara hulipunguzia bei, ingawa kama jina hilo ni la babu yako, hapo mfanyabiashara hana la kukuambia.

Kuisafisha

Tumia maji ya baridi, uvute na kutoa mpaka yatoke meupe, hata ikichukua siku mbili. Spiriti hapana, inapasua akriliki. Ganda la mbele limegundishwa, usilizungushe kwa nguvu. Ikikauka, ijaze wino wa kawaida wa kalamu za kujaza, usiwe ule wa mihuri.