Mafunjo: neno, mmea na lebo za hebaria

Maana. Mafunjo (nomino, ngeli ya LI-YA, umoja *funjo* hutumika kwa nadra) ni mmea mrefu wa kinamasi ambao wanabotania huuita *Cyperus papyrus*, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753. Wajaluo huuita *togo*. Mfano: *Mafunjo haya yamekatwa ili yasukiwe mikeka.*

Mafunjo, matete na ndago. Mafunjo si nyasi. Tete, ambalo ni jamii ya nyasi, lina shina la mviringo lenye uwazi ndani na mafundo kati ya pingili. Shina la mafunjo lina pembe tatu butu, limejaa kiini laini, wala halina fundo hadi kwenye kishungi chake. Ndugu yake wa karibu ni ndago, gugu la shambani, kwa kuwa yote mawili ni ya jenasi *Cyperus*.

Hebaria. Hii ni hifadhi ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, pamoja na lebo inayotaja mahali, tarehe na mkusanyaji. Isiitwe “bustani ya mimea”, kwani ya bustanini ni mimea hai. Hebaria ya Afrika Mashariki ilihamishwa kutoka Amani, Tanganyika, hadi Nairobi mwaka 1950.

Angalizo kwa watafsiri. Kaunti za Kenya zilitokana na Katiba ya 2010 na kuanza kazi mwaka 2013. Kwa hiyo lebo ya enzi ya ukoloni haiwezi kutaja Kaunti ya Siaya. Aghalabu itataja *Central Kavirondo*, wilaya iliyojumuisha Siaya na Kisumu za leo. Hata jina “Kinamasi cha Yala” peke yake halitoshi, maana kinamasi hicho kimeenea Siaya na Busia. Mfasiri na alihifadhi jina la mahali kama lilivyoandikwa, kisha kaunti aitaje kando, na pale tu lebo inapotoa ushahidi wa kutosha, kama vile jina la kijiji au ziwa dogo.

*Sahihi:* Mafunjo; Kinamasi cha Yala, Central Kavirondo.
*Si sahihi:* Nyasi za majini. Kaunti ya Siaya.

Tofauti hii si ya kupamba lugha. Sehemu ya Kinamasi cha Yala ilianza kukaushwa kwa ajili ya kilimo katika miaka ya 1960. Mahali palipo na shamba leo, huenda karatasi moja ya hebaria ndiyo shahidi pekee kwamba mafunjo yaliwahi kumea hapo. Anayeandika “nyasi” badala ya “mafunjo” humpokonya shahidi huyo jina lake, na anayekisia kaunti humhamisha makazi. Msomaji wa tafsiri, asiyeiona lebo yenyewe, hatakuwa na njia ya kuligundua kosa hilo.