Barabara ya Mbao ya Boston: Historia ya Kulinda Uvumbuzi Ambao Bado Unajaribiwa

Kati ya siku wazo la kifaa kipya linapomjia mtu na siku linapothibitika kuwa linafaa, kuna kipindi ambacho mvumbuzi hana kinga ya kutosha. Akilificha wazo lake, hawezi kulijaribu pale litakapotumika. Akilijaribu hadharani, wengine wataliona, na sheria inaweza kumhesabu kuwa ameshawagawia watu wote.

Sheria za mwanzo za hataza hazikukishughulikia kipindi hiki. Sheria ya Venice ya tarehe 19 Machi 1474 ilitoa kinga ya miaka 10 kwa kifaa kipya, ila kwa sharti kwamba kiwe kimekamilika kiasi cha kuweza kutumika. Aliyekiiga bila idhini alitozwa dukati 100, na kifaa chake kikaharibiwa. Sheria hiyo haikusema lolote kuhusu fundi ambaye bado yuko karakanani akipima, akikata na kuunga upya.

Nchini Marekani ugumu huu ulijitokeza waziwazi katika kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1829. Abraham Pennock na James Sellers walikuwa wamebuni, mwaka 1811, namna ya kuunga mipira ya ngozi ya kupitishia maji kwa ribiti ili isivuje. Waliomba hataza mwaka 1818. Katika miaka ile saba walikuwa wamemruhusu fundi mmoja wa Philadelphia aitengeneze na kuiuza, na futi zipatazo 13,000 zilishafika mikononi mwa wanunuzi. Jaji Joseph Story aliandika kwamba mvumbuzi anayeachia uvumbuzi wake utumike na kuuzwa kwa umma kabla ya kuomba hataza amepoteza haki yake. Msingi wa uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani haiwezekani mtu afaidi soko kwa miaka mingi kisha aanze kuhesabu muda wa kinga siku atakayopenda yeye. Lakini mvumbuzi mwaminifu, aliyechelewa kwa sababu tu kifaa chake hakijakaa sawa, naye alibaki akiwa na hofu.

Jibu la kwanza lilikuja na sheria ya hataza ya Julai 1836, iliyoanzisha hati ya tahadhari. Mvumbuzi ambaye alihitaji muda wa kukamilisha kazi yake alilipa dola 20, akaeleza nia na sifa za uvumbuzi wake, na maelezo hayo yakafungiwa katika hifadhi ya siri ya Ofisi ya Hataza. Iwapo mtu mwingine angeleta ombi linalogongana nalo ndani ya mwaka mmoja, ofisi ilipaswa kumjulisha mwenye hati, naye alikuwa na miezi mitatu ya kuleta ombi kamili. Hati hiyo haikumpa uwezo wa kumzuia mtu yeyote kutengeneza wala kuuza kitu. Ilimpa taarifa na nafasi ya kusikilizwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1839, bunge liliongeza nafuu nyingine: matumizi au mauzo yaliyofanyika ndani ya miaka miwili kabla ya ombi hayakuua tena hataza.

Milango hiyo haikufunguliwa kwa wote. Raia waliruhusiwa kuweka hati ya tahadhari, pamoja na wageni waliokuwa wameishi nchini mwaka mmoja na kula kiapo cha nia ya kuwa raia. Watu waliofanywa watumwa waliachwa nje kabisa. Mwaka 1858 mwanasheria mkuu Jeremiah Black alitoa maoni kwamba mashine iliyobuniwa na mtumwa haiwezi kupewa hataza, si kwa jina la mtumwa mwenyewe wala la bwana wake. Historia yoyote ya ulinzi wa uvumbuzi inayoliruka jambo hili ina pengo, kwa sababu maarifa ya watu hao yalitumika mashambani na viwandani bila rajisi yoyote kuyataja majina yao.

Mmoja wa watu walioipima sheria mpya kwa undani alikuwa Samuel Nicholson wa Boston. Alikuwa amebuni sakafu ya barabara ya vipande vya mbao, vilivyosimamishwa kwa safu juu ya msingi uliosawazishwa, na nafasi kati ya safu zikajazwa kokoto na lami. Agosti 1847 aliweka hati ya tahadhari. Mwaka uliofuata, kwa gharama zake mwenyewe, alitandika kipande cha futi 75 hivi, yaani mita 23, kwenye Mill Dam Avenue, barabara ya kulipia ya kampuni ambayo yeye alikuwa mweka hazina wake. Leo njia hiyo ni sehemu ya Beacon Street.

Mahali hapo palichaguliwa kwa makini. Kipande kilikuwa karibu na kibanda cha ushuru, kwenye njia kuu ya kutokea mjini, ambako matajiri na maskini walipita kila siku na mikokoteni ya tani tano au sita ikasaga sakafu kwa magurudumu yake. Mkusanya ushuru alieleza baadaye mahakamani kwamba Nicholson alifika karibu kila siku, akatembea juu ya mbao zake na bakora mkononi, akizigonga na kuzikagua, kisha akauliza wapitaji wanaionaje. Zaidi ya mara moja alimsikia akisema kwamba hilo lilikuwa jaribio lake la kwanza. Nicholson hakuwauzia wengine sakafu hiyo wala hakuruhusu itandikwe kwingine. Alingoja, na hataza yake ilitoka Agosti 1854, miaka sita baada ya magurudumu ya kwanza kupita.

Sakafu ya Nicholson ilienea, na Chicago ni mojawapo ya miji iliyoitandika kwa wingi. Mji wa Elizabeth, New Jersey, ulipotandikiwa mbao za namna hiyo na kampuni nyingine, wenye hataza walishtaki. Washtakiwa walikuja na hoja nzito: sakafu ilikuwa imekanyagwa na umma kwa miaka sita kabla ya hataza kutolewa, hivyo ilishakuwa mali ya wote.

Mahakama Kuu iliikataa hoja hiyo mwaka 1877. Jaji Joseph Bradley alieleza kwamba sifa kuu ya barabara ni kudumu, na kudumu hakupimwi chumbani. Sakafu haiwezi kujaribiwa ipasavyo mahali pengine isipokuwa njiani, chini ya uzito halisi, kwa misimu kadhaa. Mvumbuzi anayejaribu kwa nia njema, huku kifaa kikiwa bado chini ya uangalizi wake, hajakitoa kwa umma, hata kama wapitaji wananufaika njiani. Kama angewaruhusu wengine waitumie sakafu kwa jumla, kwa malipo au bila malipo, mambo yangekuwa tofauti. Hapo ndipo thamani ya uamuzi huu ilipo, kwa sababu majaji hawakuuliza ni macho mangapi yaliona. Waliuliza ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya jaribio, na lilifanywa kwa kusudi gani.

Ukali wa kipimo hicho ulionekana mwaka 1881. Samuel Barnes alikuwa ametengeneza, mwaka 1855, vyuma vya koseti, vazi la kike la kubana kiuno, akampa rafiki yake ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe. Mwanamke huyo alivivaa kwa miaka mingi, navyo havikuonekana na mtu barabarani. Hata hivyo mahakama iliamua kwamba yalikuwa matumizi ya umma, kwa kuwa Barnes hakuweka sharti la siri, hakufuatilia chochote kama mtu anayejaribu, na aliomba hataza baada ya miaka kama 11. Barabara iliyokanyagwa na maelfu ilihesabiwa kuwa jaribio, na vyuma vilivyofichwa ndani ya nguo vikahesabiwa kuwa vimeachwa.

Hati ya tahadhari nayo ilikuwa na udhaifu wake. Antonio Meucci, Mwitalia aliyeishi Staten Island, aliweka hati ya chombo chake cha kupeleka sauti kwa waya Desemba 1871. Ilibidi kulipia dola 10 kila mwaka, na baada ya mwaka 1874 haikuhuishwa tena. Tarehe 14 Februari 1876 Elisha Gray alileta hati ya tahadhari ya simu siku ileile ambayo wakili wa Alexander Graham Bell alileta ombi kamili. Bell alipata hataza tarehe 7 Machi. Miaka kumi baadaye mkaguzi wa ofisi, Zenas Wilber, aliapa kwamba alikuwa amemwonyesha Bell hati ya Gray, ingawa awali alikuwa ameapa vingine, na Bell alikanusha kwa kiapo. Ukweli wowote uliokuwepo, mzozo huo ulidhihirisha kwamba siri iliyokabidhiwa ofisi ilitegemea uaminifu wa mtu mmoja mezani. Hati za tahadhari zilifutwa mwanzoni mwa karne ya 20, na Marekani haikuwa na chombo cha namna hiyo hadi Juni 1995, lilipoanza ombi la muda linalomhifadhia mvumbuzi tarehe yake kwa miezi 12.

Uingereza ilifika huko kwa njia nyingine. Hadi katikati ya karne ya 19, hataza moja ilipita ofisi nyingi na kugharimu kiasi cha pauni 100 kwa England peke yake. Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851 yalilazimisha mabadiliko, kwa sababu mafundi waliogopa kuonyesha walichobuni. Bunge liliwapa waonyeshaji kinga ya muda, na sheria ya mwaka 1852 ikaufanya utaratibu huo kuwa wa kudumu: maelezo ya awali yalimpa mwombaji miezi sita ya kujaribu bila kupoteza haki. Sheria ya mwaka 1949 iliongeza kwamba jaribio la hadharani lililofanywa ndani ya mwaka mmoja kabla ya ombi halikuvunja hataza, iwapo asili ya uvumbuzi ililazimu ufanyiwe kazi mbele ya watu. Nafuu hiyo iliondolewa mwaka 1977, Uingereza ilipojiunga na mfumo wa Ulaya, ambao kwa kawaida hauvumilii hata siku moja ya kuonekana hadharani.

Mkondo huo wa Uingereza uligusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kenya iliendelea kusajili hataza zilizokwisha kutolewa London hadi ilipopitisha sheria yake ya mali ya viwanda mwaka 1989, na Tanzania ilitunga sheria yake ya hataza mwaka 1987. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 haikufuata ukali wa Ulaya. Inasema kwamba uvumbuzi uliofichuliwa na mvumbuzi mwenyewe, au na mtu aliyemwibia, ndani ya miezi 12 kabla ya ombi bado unahesabiwa kuwa mpya. Fundi wa Nairobi anayejaribu pampu yake shambani kwa msimu mmoja ana nafasi hiyo nyumbani. Akitaka hataza ya Ulaya pia, inambidi apeleke ombi lake kabla pampu haijatolewa karakanani.