Taa ya DP na watu wa hesabu wa Kirinyaga

Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na wakulima wa Kerugoya, Kirinyaga, na vijiji vyake wakabaki wakiuliza serikali inatumiaje pesa. Swali hilo Mwai Kibaki alilijua vyema. Mzaliwa huyu wa Othaya alikuwa ameshika Hazina, kama waziri wa fedha, kuanzia 1969 hadi 1982.

Mwaka 1991 alikuwa bado akidai kuking'oa chama tawala cha KANU ni sawa na kukata mugumo kwa wembe. Krismasi ya mwaka huohuo akatoka serikalini, akaanzisha Democratic Party (DP), chama chenye alama ya taa. FORD, kundi jingine la upinzani, ilitoka barabarani, kwa waliokabiliana na polisi. DP ilitoka kwa watu wa vitabu vya hesabu. Walitaka uhuru wa vyama kama wenzao, ila pia serikali isiyotumia zaidi ya inavyokusanya. Wakaitwa chama cha matajiri, ingawa Kenneth Matiba wa FORD-Asili, tawi moja la FORD iliyogawanyika, naye hakuwa maskini.

Katika kura za urais za 1992, Kibaki alishika nafasi ya tatu. Mwaka uliofuata mfumko wa bei ukapita asilimia 40, na watu wa hesabu wakaonekana hawakukosea.

Lakini DP haikuwa ya wahasibu peke yao. Huko Gichugu, jirani na Kerugoya, wazee wa chama walimpa tikiti wakili kijana aliyekosa ile ya FORD-Asili, Martha Karua. Akashinda.

Mwaka 2002 DP iliingia NARC, muungano wa kila aina ya wanamageuzi uliomfanya Kibaki rais, na Hazina ikaenda kwa David Mwiraria wa Meru. Elimu ya msingi ikawa bila malipo mwaka 2003, wafadhili wakachangia, lakini mzigo mkubwa ukabebwa na ushuru wa Wakenya wenyewe. Uchumi uliokua kwa chini ya asilimia 1 mwaka 2002 ulifika asilimia 7 mwaka 2007. Ajabu ni kwamba nyumba hii ya wabana matumizi ilivujia palepale Hazina: kashfa ya zabuni za serikali iliyoitwa Anglo Leasing ilimfanya Mwiraria ajiuzulu Februari 2006.

Karua naye alijiuzulu uwaziri wa Haki mwaka 2009, kwa sababu ya uteuzi wa majaji, si pesa.

Kibaki alistaafu Aprili 2013. Kirinyaga ilikuwa imeupigia kura muungano wa Jubilee kwa wingi, na Juni 2014 serikali mpya ya muungano huo ikakopa dola bilioni 2 kwa hati ya Eurobond.